Mstari wa Chaki Mbele ya Mikro

Mboga yangu,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuita miaka yote. Mimi wa ukoo wa Mamba, wewe wa ukoo wa Samaki, na mamba akimwona samaki amwite nini kama si mboga? Nakumbuka siku tulipokutana. Nilikuja kwenye baraza lako kupimwa suruali, ukapiga goti na utepe wako, pini zimejaa mdomoni, ukaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilipokujibu ulitema zile pini zote mkononi ili ucheke vizuri. "Weye Mamba, unatufuataka mu maji namna gani, na hii miguu ya mbuzi?" Kuanzia hapo tukawa watani. Wazee wetu wanauita bunungwe, na wewe unajua kwamba kwa watu wetu jambo hilo si la kucheka tu. Mtani ndiye anayekutukana ukiwa hai bila wewe kukasirika, na ndiye anayekuzika.

Nimekuzika. Jumapili hii tunamaliza kilio chako, na mimi nimeambiwa nijiandae kuwachekesha watu tena.

Leo ni Alhamisi, saa tisa mchana. Nimekaa kwenye sali, ukumbi wa sinema wa misioni, juu, katika kile chumba changu cha mashine ambacho ulisema kina joto la oveni ya mikate. Nimemaliza kurudisha filamu kwenye magurudumu yake. Naandika nyuma ya karatasi za matangazo kwa sababu sikutaka kununua karatasi ya barua. Mwenye duka angeuliza naandikia nani. Sijui barua inamfikiaje mtu aliyekufa. Padri angeniambia niombe. Nimeomba, Chalwe, lakini katika sala nimezoea kuomba msamaha wa mambo yote kwa pamoja, na jambo hili si la kuchanganywa na mengine.

Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani, maana najua ungeuliza.

Mjane wako Agnesi anashona. Mwanzoni wateja wako walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo hukuvimaliza, wakavikuta vimemalizwa. Anakata vizuri. Mikono ya mashati anaichukia, anaisemesha peke yake anapoishona, anaitukana kabisa, lakini inatoka sawa. Mashine yako ameigeuza, sasa inatazama barabara, siyo ukuta. Anasema wewe ulipenda kutazama ukuta kwa sababu ulikuwa na muziki kichwani, yeye hana, anataka kuona watu wanaopita. Bernadeta, binti yako, ameingia shule ya masista. Anatia uzi kwenye sindano kabla mama yake hajamaliza kumwita jina.

Wenzetu wa gitaa bado wanapiga kila Jumapili mchana kwenye ua wa baa, pale pale mtaani kwetu Kenya. Wamepata mtu wa akodioni. Anakuja kama mvua ya Septemba: wanamtazamia, wanamtazamia, halafu zinaanguka noti mbili tatu na kuondoka. Watu wanacheza hivyo hivyo. Lakini ile nafasi kati ya ubeti na ubeti, uliyokuwa unaingia wewe na armonika yako, kile kinanda cha mdomo, hakuna anayeigusa. Wapiga gitaa wakifika hapo wanapunguza mkono, kama watu wanaompisha mwenye mzigo mlangoni.

Armonika yako ninayo mimi. Nitakuambia niliipataje. Nimeifungua misumari yake midogo kuisafisha, na katika matundu nimekuta nyuzi. Nyuzi za rangi zote: nyeusi ya suruali, nyeupe ya mashati, moja nyekundu, labda ya lile gauni la komunyo la Bernadeta uliloweka utepe mwekundu, masista wakashangaa. Uliiweka mfuko mmoja na vipande vya kazi yako. Ndiyo maana tundu la nne lilikuwa na sauti ya mafua. Sote tulidhani ni ufundi.

Sasa nisogee karibu na jambo lenyewe.

Unakumbuka msimu ule wa baridi, Juni ile, ulipolazwa na homa ya mapafu. Ulitoka hospitali ukiwa mwembamba hata ukajishonea upya suruali zako zote. Pumzi haikurudi kama zamani. Ukipanda ngazi za kanisa ulisimama katikati na kujifanya unatazama watu. Kwenye ua wa baa gitaa zilikuwa zimeanza kupata nguvu, watu wanapiga kelele, na armonika yako ilikuwa inazama. Chama chetu cha wapiga muziki kikakaa kikao. Mwenyekiti akasema tutafute ampli, mashine ya kukuza sauti, na mikro ya kuinasa, kila mtu asikike, na Chalwe asijiue kwa kupuliza. Aliyasema maneno hayo hayo, asijiue kwa kupuliza. Kisha akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyejua mashine. Mimi ndiye niliyeshika vipaza sauti vya misioni kwenye sinema na kwenye siku za sikukuu. "Mwansa na Chalwe baende mjini. Mumoja atasikiliza na masikio, mwengine na mapafu." Watu wakacheka. Tukaenda.

Tuliingia kwa mlango wa nyuma, kama kawaida ya lile duka la redio kwa watu wetu, na afadhali, maana nyuma ndipo palipokuwa na karakana. Yule mzungu mzee mwenye miwani ya kamba alikuwa anaunga nyaya za redio kwa risasi ya moto. Hakuinua kichwa. Alituonyesha kwa kidevu vitu viwili na kutuambia tujaribu, ila tusivunje.

Cha kwanza kilikuwa ampli kubwa ya chuma, ya kijivu, yenye lampe nyingi, zile taa ndogo za kioo, zinazoonekana kwa nyuma, vifungo saba mbele, na vipaza sauti viwili vya kutundikwa juu ya miti. Mikro yake ilikuwa ya kusimama, inang'aa, na mguu mzito wa chuma. Cha pili kilikuwa kisanduku cha mbao kilichovishwa kitambaa cha kahawia, kikubwa kidogo tu kuliko kifuniko cha mashine yako ya kushonea. Spika moja. Kifungo kimoja cha kuwashia na kuongezea sauti. Mikro yake haikuwa na mguu, ilikuwa ya kushikwa mkononi, ya duara kama kitunguu.

Ulijaribu kubwa kwanza. Armonika ilitoka safi, nyembamba, kila noti imeoshwa. Nilifurahi. Hiyo ndiyo sauti niliyofundishwa na sinema: maneno ya padri yasikike hadi benchi la mwisho, pasiwe na mkwaruzo, maana mkwaruzo ni ugonjwa wa mashine. Ukakaribia mikro, ikapiga mluzi hadi yule mzee akashika masikio. Ukarudi nyuma, mluzi ukaisha, na armonika ikapotea. Ikabidi upulize kwa nguvu. Niliona shingo yako.

Kisha ukachukua kile kitunguu. Hakuna aliyekufundisha. Ulikiweka kiganjani pamoja na armonika, ukavifunika vyote kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga, ukaniambia nigeuze kifungo. Nikageuza. Ukapuliza kama unavyopuliza chai. Chalwe, karakana ilijaa. Sauti ilitoka nene, ina mkwaruzo, ina kifua, kama mzee aliyekaa kimya siku nzima sasa anaanza kuzungumza. Yule mzungu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Ukavuta pumzi ndani, noti ikainama, ukafungua vidole kidogo, ikalia, ukavifunga, ikanyamaza. Mabega yako hayakupanda hata mara moja. Ukaniangalia.

"Mamba, hii njo yangu. Ona, minapumua tu."

Nami nikakuambia: "Hapana. Sikia ile mukwaruzo. Lampe yake iko mugonjwa. Itakufa mbele ya Pasaka."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi. Weye njo unajua."

Ukakiweka kile kitunguu chini polepole, ukakifuta kwa leso yako kwa sababu mdomo wako ulikuwa umekigusa.

Sikuwa nimetazama lampe yoyote. Kisanduku kilikuwa kimefungwa nyuma. Sikujua kama ni nzima au mgonjwa. Nilisema uongo, Chalwe, na niliusema haraka, bila hata kuuandaa, kama mtu anayejibu jina lake.

Miezi mingi nilijiambia kwamba masikio yangu ndiyo yaliyonidanganya, kwamba mtu wa sinema hawezi kupenda mkwaruzo. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini si sababu. Sababu ni kwamba niliona kile kifungo kimoja. Nikaona utakwenda na kisanduku chako mkono mmoja, utakiweka chini ya kiti, utakiwasha mwenyewe. Mimi ningekuwa nafanya nini Jumapili? Ile kubwa ilihitaji mtu. Vifungo saba, waya, miti ya kutundikia, mtu wa kusimama nyuma yake na kusema jaribu, jaribu, moja, mbili. Nilimwona mtu huyo akiwa mimi. Niliona watu wakisogea nipite na waya zangu. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine nzuri zaidi, sijaipata.

Tukaleta ile kubwa. Jumapili ya kwanza nilivaa tai.

Unajua yaliyofuata, uliyavumilia mwenyewe. Ulijaribu kuichukua mikro kutoka kwenye mguu wake ili uishike kama kile kitunguu, mashine ikalia mluzi, wanawake wakapiga kelele, mtoto akaanza kulia. Nikakimbia nikakunyang'anya. Mbele ya watu wote nikachomoa chaki kwenye mfuko wako wa shati, chaki yako mwenyewe ya kushonea, ile bapa ya buluu, nikachora mstari kwenye saruji, mkono mzima kutoka kwenye mikro. Nikasema samaki asivuke hapo. Ulitazama ule mstari, ukatazama watu.

"Sasa miko mufungwa ya mikro?"

Walicheka hadi bia zikamwagika. Nawe ukasimama nyuma ya mstari. Kila Jumapili niliuchora upya kabla hujafika, na kila Jumapili ulisimama hapo na kupuliza kuvuka ule umbali, kwa kifua kile. Vipaza sauti vilisikika hadi ng'ambo ya barabara kubwa. Watu walinisifu. Wengine walianza kuiita mashine ya Mwansa.

Ulilalamika, nami nakumbuka kila mara. Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya ngoma, ulikuwa umeketi kwenye kreti ya bia, mkono kifuani. "Mamba, mashine yako iko nakula pumuzi yangu." Nikakujibu kwa sauti, wasikie wote: "Samaki iko na mapafu? Toka lini?" Baa nzima ikalipuka. Hata wewe ulicheka, ukacheka hadi ukakohoa, ukakohoa hadi mtu akakuletea maji. Nilifurahia lile jibu wiki nzima. Nililirudia kwa watu ambao hawakuwepo.

Kati ya watani kuna shimo hapo, Chalwe, sikuwahi kuliona. Mtani anaruhusiwa kusema lolote, kwa hiyo lolote analosema linachekesha. Ulikuwa umeniambia ukweli mtupu, kwa mlango pekee uliokuwa wazi kati yetu, na mimi nikaupokea kama mzaha kwa sababu ulikuja kwa mlango huo. Au nilijifanya. Sijui tena nilijifanya lini na lini sikujifanya.

Mara ya mwisho hukutania. Ilikuwa baada ya Pasaka. Nilipita kwenye baraza lako asubuhi, hakukuwa na mteja, Agnesi alikuwa sokoni. Ulikuwa unashona vifungo vya shati la shule. Uliuliza bila kuinua macho.

"Mwansa, ile mashine ndogo ya kule karakana, bado iko?"

Uliniita Mwansa. Miaka yote ile uliniita kwa jina langu mara nne au tano, na kila mara palikuwa na jambo la kweli. Nilisikia. Usifikiri sikusikia. Niliona wazi kwamba hapa ndipo naweza kusema, hakuna watu, hakuna kicheko, ni mimi na wewe na vifungo vya shati la mtoto wa mtu. Ningesema tu: iko, twende. Nikasema: "Ile? Ilishakufa! Tulishaizika. Weye tu haukuleta mukate pa kilio."

Ulitabasamu kidogo. Ukakata uzi kwa meno. Ukavuta droo ya mashine ya kushonea, ukaiweka armonika ndani pamoja na bobini, ukaisukuma droo kwa goti. Jumapili iliyofuata hukuja. Ulisema una kazi za watu. Hukupiga tena.

Sisemi kwamba mikro ndiyo iliyokuua. Daktari alisema mapafu yalikuwa yameharibika tangu ile homa ya kwanza, na Juni ilipokuja na baridi yake ikamaliza. Nimejishika kwenye maneno ya daktari kama mtu anayejishika kwenye nguzo. Lakini nguzo hiyo haifiki kwenye jambo lenyewe. Ulikuwa na pumzi ya kupuliza chai hadi siku zako za mwisho. Agnesi ameniambia ulipuliza uji wako mwenyewe siku moja kabla. Kwa kile kisanduku pumzi hiyo ingetosha. Ungeweza kupiga ukiwa umekaa, ukiwa umelala. Kuanzia Pasaka hadi Juni ungekuwa na muziki wako, na mimi nilikunyima ili niendelee kuvaa tai.

Kisha ikaja siku ya kaburi.

Mila ni mila. Sanduku lako lilipofika nililazimika kuruka shimoni na kuwazuia wasikushushe. Niliruka. Nikapiga kelele: "Samaki hazikwi! Samaki banakausha! Mumupeleke Pweto, ku ziwa, mumutie chumvi!" Walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Mwenyekiti wetu aliinama akishika magoti. Wakaniomba zaidi. Nikafanya unavyopiga armonika. Nikasimama kama nyuma ya mstari, nikanyoosha shingo, nikatoa macho, nikavimbisha mashavu na kupuliza hewa kwa nguvu kuelekea mikro ambayo haikuwepo, kisha nikashika kifua na kukohoa. Nilikuiga sawasawa, hadi bega lako la kushoto linalopanda kwanza. Nilimwona Agnesi kwenye ukingo wa shimo, kitambaa cheusi kichwani, anacheka, machozi yanaingia mdomoni, anacheka na hawezi kujizuia.

Nami nikiwa ndani ya kaburi lako nikajua ninachoiga. Kile hakikuwa Chalwe. Chalwe alikuwa yule wa karakana, mabega chini, mikono imeshika kifaranga. Yule mwenye macho yaliyotoka nilimtengeneza mimi kwa chaki.

Nilitoka shimoni, wakaniuliza ninadai nini, maana mtani ana haki ya kuchukua kitu cha marehemu. Nikasema armonika. Walidhani ni kwa sababu ya mapenzi.

Ilikaa kwenye kabati miezi mitatu. Mwezi uliopita niliichukua, nikaenda mjini, nikapita mlango wa nyuma. Yule mzee alikuwa pale pale. Kisanduku cha kahawia kilikuwa juu ya rafu, kimejaa vumbi, yeye mwenyewe alikuwa anakitumia kujaribia waya. Nikamwomba akifungue nyuma. Akakifungua. Lampe tatu, ndogo, safi. Akakiwasha, zikawaka zote polepole, rangi ya chungwa. Pasaka ilikuwa imepita juu yake na alikuwa hajabadilisha hata moja.

Sijui kupiga armonika, unajua. Nilishika kile kitunguu na armonika yako pamoja, nikavifunika kama ulivyofanya, nikapumua tu. Ndani, nje. Ilitoka kwenye spika kama mtu aliyelala chumba cha pili. Nilipumua mara tatu au nne halafu nikashindwa kuendelea. Yule mzee aliondoka akaenda mbele dukani, sijui kama alikuwa na shughuli huko. Nikamwachia baiskeli yangu iwe malipo, nikarudi Kenya kwa miguu na kisanduku begani.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye baraza lako. Agnesi alikuwa anapiga pasi. Akauliza: "Njo nini hii?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, karakana, lampe, kifungo kimoja, ule mzaha wa mkate. Nilitazama chini nikimwambia. Nilisikia pasi inapita juu ya kitambaa, inapita, halafu inasimama, na nikanusa kitambaa kinaanza kuungua, ndipo akaiinua.

Nilitegemea atanifukuza, au atasema yamepita. Alisema: "Pa kaburi ulinichekesha."

Nikainua macho.

"Nilicheka, Mwansa. Bwana yangu mu sanduku, na mi minacheka. Minacheka namna anakosa pumuzi. Na weye ulikuwa unajua."

Nikamwambia nilijua.

Akaniambia niwashe kisanduku. Nikatafuta waya, nikawasha. Akachukua kitunguu mkononi, akakileta mdomoni, nikadhani atasema kitu. Ilisikika pumzi yake tu, barazani, wapita njia wakageuka. Kisha akakizima mwenyewe. Akageuza kile kifungo bila kuniuliza ni kipi.

"Usiniambie mi peke yangu," akasema. "Kule bantu balichekea, yende useme kule. Na usibachekeshe."

Kisanduku kimebaki kwake. Amekiweka chini ya meza ya kukatia na kukifunika kwa mabaki ya vitambaa kisipate vumbi. Neno msamaha hakulitamka na mimi sikuliomba. Ananiita kula kama zamani, ila ananipa kiti, hanisukumii tena lile benchi la watu wa nyumbani. Nimeelewa.

Jambo moja nimeshalianza. Wiki iliyopita walikuja wanakwaya wa mtaa wa Katuba kuniuliza wachague mikro ya namna gani. Zamani ningewapa hotuba. Safari hii niliwaambia waimbe kwanza, kisha nikamsogelea mama mmoja mzee wa sauti ya pili, nikasikiliza anavyovuta pumzi kati ya maneno. Walidhani nimezubaa. Nitafanya hivyo kwa kila atakayenijia, nitamsikiliza mtu kabla ya mashine. Najua halikurudishii kitu.

Sijui kama ulijua, Chalwe. Ulipokifuta kile kitunguu kwa leso, ulipoisukuma droo kwa goti. Nimezigeuza siku hizo mbili hadi zimechakaa na bado sijui. Kama hukujua, basi umesikia leo, kwa barua, jambo ambalo ningekuambia kwa mdomo hatua mbili kutoka ulipokaa. Kama ulijua, uliniacha niendelee kuvaa tai yangu, na hilo sijui niliweke wapi.

Jumapili hii watakuja wote. Mwenyekiti amenikuta sokoni jana, ameanza kucheka kabla sijamsalimu. "Mamba, utatuvunja mbavu, eh?" Bia imeshaletwa. Ndugu zako wa Pweto wamekuja na samaki wakavu kwa makusudi, wanangoja nitakavyowatania. Nitasimama mbele yao na kusema nilichokuandikia hapa, kwa maneno haya haya, bila kuongeza chumvi. Nakuahidi. Nawajua lakini. Nikisema "nilimdanganya Chalwe," watadhani ndiyo mwanzo wa mzaha, na watacheka. Wakicheka, nitangoja wamalize. Kisha nitasema tena.

Lala salama, rafiki yangu.

Mwansa